Si Mmoja, Si Wawili

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa,
ngazi kumi na nne za mbao, ya tisa imeoza.
Kila mteja nilimwambia: ruka ya tisa.
Wakili Rotholz mwenyewe aliisahau kila Jumatatu.

Mimi Semboja, karani wake, mpiga taipu wa vidole vinne.
Alishuka Tanga na sanduku moja
kutoka nchi iliyomfuta kwenye daftari la mawakili
kwa ajili ya Mungu wa babu zake.
Hakunisimulia. Nilijua kwa alivyoipokea leseni mpya,
kwa mikono miwili, kama mtu abebaye yai.

Ijumaa saa kumi na moja tulifunga mafaili.
Nikahamisha taipu, nikatandika kitambaa cheupe
juu ya meza ile ile ya mashauri.
Wakapanda: Frenkel daktari wa meno,
Salem na Yihye wafua fedha wa Aden,
Zusman fundi saa, akihema,
na wale wa Muheza wanukao singa mbichi.
Yeye mlangoni, akiwataja kwa namna niliyoishangaa:
"Si mmoja. Si wawili. Si watatu."
Nikacheka. Akasema, watu hawahesabiwi, Semboja,
ukimhesabu mtu umempunguza.
Kicheko kikanikauka.
Bibi yangu kule Pongwe alitupiga vibao
tulipohesabu wadogo zetu, kwa maneno hayo hayo.

Sala yao kamili ilidai wanaume kumi.
"Si wanane," alifika hapo, akatazama ngazi.
Miaka kumi na mmoja alitazama ngazi.

Kisha likaja shauri la manamba.
Vijana wa leo hamjui neno hili lilivyouma.
Mtu katoka Kibondo, katoka Songea,
ana mama, ana jina alilopewa na shangazi,
akifika shambani anavishwa kibati, anakuwa 212.
Kipande ni siku thelathini, na nyapara hakutia alama
siku ambayo matita yalipungua hata jani moja.
Wengine walikata mkonge miezi miwili
kwa mshahara wa mmoja.

Hakimu akasoma: mlalamikaji namba 212.
Wakili akasimama. "Mheshimiwa, huyo simfahamu.
Mteja wangu ni Ntahondi mwana wa Bihoga."
Wa upande wa shamba akapinga. Hakimu akatazama saa.
Tukayasoma majina, yote, mimi nikitamka,
maana ulimi wake uliteleza kwenye ng'.
Tulianza saa tatu. Adhana ya adhuhuri ikatoka Ngamiani,
bado tuko kwa Wangoni.

Hatukushinda kama mnavyodhani.
Walilipwa nusu. Vibati vilibaki shingoni.
Mmoja alinifuata hadi Barabara ya Nane
kuniambia kwamba majina hayaliwi.

Mwaka ule ilifika bahasha ya Geneva.
Alikuwa akimtafuta dada yake, Hedwig.
Ndani, mstari mmoja: tarakimu tano,
na jina lililokosewa herufi.
Akaniomba nilipige upya, herufi zote zitimie.
Nikalipiga. Akalikunja, akalitia mfukoni.
Jioni ile hakuiruka ya tisa. Nilimsikia.

Alifia Bombo, mwezi wa Ramadhani.
Kaburi lilichimbwa kwa mtaimbo, ardhi ni matumbawe.
Wenzake walifika wote: si saba.
Nje ya ukuta, wakata mkonge, jasho la njia likiwatoka,
wengine wamefunga.
Frenkel akatutazama kwa muda, akatikisa kichwa.
Sala ile haikusaliwa.
Watu wakanung'unika. Mimi, hapana.
Angekuwa hai angetupinga mwenyewe, kifungu kwa kifungu:
sheria ni msumeno.

Ndipo Ntahondi akasogea ukutani
akataja jina lake, na la baba yake, kwa sauti.
Akafuata wa nyuma yake. Akafuata mwingine.
Zusman alivua miwani, akaishika tu.

Mkiniuliza walikuwa wangapi,
mimi niliyelipwa kuandika kila kitu,
sijui.